Subira Mpaka Herufi S

Kiti cha Seneta Ione Castleberry kilikuwa kitupu, na hilo peke yake lilitosha kumwangusha jaji.

Vernell Askew alikaa kwenye benchi la wafanyakazi, nyuma kabisa ya ukumbi wa Seneti, akarudia hesabu ingawa ilikuwa rahisi. Maseneta mia moja, hamsini kila upande. Jaji Eufemia Sandoval wa New Mexico alihitaji hamsini wake wote waseme ndiyo. Hapo Makamu wa Rais, ambaye alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele tangu mjadala uanze, angevunja sare kwa kura yake. Bila Castleberry walibaki arobaini na tisa. Arobaini na tisa kwa hamsini si sare, na Makamu wa Rais hana cha kuvunja.

Wala hapakuwa na siku nyingine. Kesho adhuhuri Bunge jipya lingeapishwa, wapinzani wa Sandoval wakiwa wengi zaidi, na kila uteuzi ambao haujapigiwa kura ungerudishwa Ikulu. Mahakama ya shirikisho ya Las Cruces ingeendelea kukaa bila jaji wake, na Sandoval asingependekezwa tena.

Aliyekuwa amesimama kumpinga ni Seneta Halvard Stensrud wa North Dakota, mzee mrefu mwenye mabega yaliyoanza kuinama.

"Simchukii huyu mama," alisema. "Nimesoma hukumu zake zote, tofauti na baadhi ya waheshimiwa humu waliosoma vichwa vya habari. Katika kesi ya visima vya Arroyo Pardo aliwaamuru wenye mgodi wasafishe maji, wakati sheria haijasema ni nani ayasafishe. Maji yalikuwa na sumu? Ndiyo. Mgodi ulistahili kubeba gharama? Huenda. Lakini jaji hatungi sheria anayotamani ingekuwepo. Kazi hiyo ni yetu, na tunaifanya vibaya vya kutosha bila kusaidiwa."

Seneta Marguerite Dunleavy, Mwenyekiti wa Kamati ya Sheria, aliinuka. "Mheshimiwa atapokea swali?"

"Kutoka kwa Mwenyekiti? Nitapokea, ingawa najua litakuwa hotuba."

"Ni fupi. Watoto wa Arroyo Pardo wanywe nini wakati wakitusubiri sisi?"

"Jiulize wewe, mama. Mswada wangu wa maji umelala mezani kwako mwaka wa tatu sasa, na sijasikia ukikoroma."

Upande wake ulicheka. Dunleavy hakucheka. Alimtupia Vernell jicho, akaelekea mlango wa nyuma, na Vernell akamfuata hadi kwenye chumba cha mapumziko chenye kuta za marumaru.

"Umempata aliyemwondoa Castleberry?"

"Nimepata gari," Vernell alisema. "Seneta Castleberry alipelekwa uwanja wa ndege na gari lililoagizwa na ofisi ya Stensrud. Na liliagizwa kabla hospitali ya Albuquerque haijapiga simu ofisini kwake kusema mumewe ameanguka."

"Kabla?"

"Kabla. Dereva amethibitisha, na askari wa lango amethibitisha."

Dunleavy alishusha pumzi kwa nguvu. "Yule mzee. Kwa hiyo ugonjwa ni wa uongo."

"Hapana. Hilo nililihakiki mwanzo. Nilipiga hospitali mwenyewe, kwa namba yao ya kawaida, si kwa ile iliyoachwa ofisini. Royce Castleberry yuko chumba cha upasuaji. Moyo."

"Basi ni mbaya zaidi. Alijua kabla ya mke mwenyewe, akamsukumia ndani ya gari ili tupungukiwe kura." Alitoa karatasi iliyokunjwa kwenye mfuko wa koti. Tayari ilikuwa na mistari michache ya mwandiko wake mkubwa. "Nitasimama kabla ya kura na kuyasema haya mbele ya kamera. Akitaka kusema hapana, aiseme nchi nzima ikimtazama kama mtu aliyeiba kura kitandani kwa mgonjwa."

"Mwenyekiti, nimekupa ukweli mmoja tu. Sijakupa sababu."

"Sababu ninayo."

"Unayo inayokufaa. Nipe mpaka kengele ya kura."

Dunleavy alimtazama. Kabla ya kuja kwenye kamati Vernell alikuwa mkaguzi wa uhalifu wa posta kwa miaka mingi, na alikuwa na tabia moja iliyowachosha wanasiasa: hakuridhika na jambo lililofika mapema kama vile hakuridhika na lililochelewa.

"Mpaka kengele," Dunleavy alisema. "Halafu nasimama."

* * *

Dominic Archuleta, mkuu wa ofisi ya Castleberry, alikuwa peke yake katika chumba chenye simu nyingi, na zote zilikuwa zikilia. Hakupokea hata moja.

"Dada Vernell, nimeshakwambia kila kitu."

"Uliniambia ulichofanya wewe. Sasa nataka alichofanya yeye. Hospitali ilipopiga, alikuwa hapa?"

"Hapana. Alikuwa kule bungeni, kwenye chumba cha Stensrud. Kile cha ghorofa ya chini kisicho na kibao mlangoni."

"Alikwenda kufanya nini kwa mpinzani asubuhi ya kura?"

"Aliitwa. Stensrud alipata habari kwanza. Royce alimpigia akiwa ndani ya gari la wagonjwa."

"Mtu anaanguka kwa ugonjwa wa moyo, halafu anampigia seneta wa North Dakota badala ya mkewe?"

Archuleta alitikisa kichwa kama mtu anayemweleza mgeni mambo ya nyumbani. "Kwa sababu anamjua mkewe. Angempigia yeye angeambiwa, jikaze mpenzi, nakuja nikishapiga kura. Mwaka aliovunjika mguu alikuja kupiga kura kwenye kiti cha magurudumu, bado ana nguo za hospitali chini ya koti. Royce na yule mzee ni marafiki, kila kiangazi wanavua samaki pamoja. Alimwambia, Halvard, mtoe huko kwa namna yoyote."

Vernell alikaa kwenye ukingo wa meza. Gari la mapema lilikuwa limepata maelezo yake, na maelezo hayo hayakumsafisha Stensrud. Mtu anaweza kutimiza ombi la rafiki na kujinufaisha papo hapo.

"Ulimwona akiondoka?"

"Nilimpelekea koti. Walikuwa wamesimama mlangoni kwa Stensrud. Alikuwa amelia, macho mekundu. Wakapeana mikono, akaingia kwenye gari."

"Walipeana mikono."

"Ndiyo. Kuna ubaya?"

"Seneta wako ananikumbatia mimi, na tunaonana mara moja kwa mwezi. Anamkumbatia askari wa lango. Wiki iliyopita nilimwona akimkumbatia balozi wa Finland mpaka miwani ya mtu wa watu ikadondoka."

Archuleta alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Huyo ndiye. Hukumbatia hata wasiotaka."

"Lakini rafiki wa familia, siku mumewe yuko hatarini, anampa mkono." Vernell akahamia swali jingine. "Alikuagiza umwombe Mwenyekiti asogeze kura?"

"Hapana."

"Umpigie kiongozi wa chama chenu?"

"Hapana. Alisema nisimpigie mtu. 'Dominic, usiguse simu, hata ikilia.' Nikafikiri ni mshtuko. Ndiyo maana unaniona nimekaa hivi kama nimerogwa."

"Naye hapatikani?"

"Yuko angani."

Vernell alishuka ngazi akiyapanga. Mwanamke aliyekuja kupiga kura kwenye kiti cha magurudumu alikuwa amemwacha jaji wa jimbo lake mwenyewe, ambaye yeye ndiye aliyempendekeza, katika siku ya mwisho inayowezekana. Hakuomba kura isogezwe. Hakumwambia kiongozi wake. Zaidi ya hapo, alimzuia msaidizi wake asimwambie. Ama alikuwa ametishwa, ama alikuwa amepewa kitu. Aliyetishwa hampi mkono aliyemtisha. Na watu waliozoea kukumbatiana hupeana mikono pale tu wanapofunga makubaliano.

Alichokosa ni kujua wamekubaliana nini. Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumuuliza.

* * *

Stensrud alikuwa kwenye chumba cha chakula cha maseneta, bakuli la supu ya maharage mbele yake. Msaidizi wake, Kirsten Lunde, alimzuia Vernell kwa bega.

"Seneta anakula."

"Anakula maharage, dada. Hayataharibika kwa swali moja."

"Mwache apite, Kirsten," Stensrud alisema. "Huyu ndiye yule mama wa posta. Kaa, mama. Supu hii inapikwa humu kila siku tangu sijazaliwa, na mpaka leo haijakutana na chumvi. Unataka nini?"

"Gari."

"Lilikuwa jeusi."

"Uliliagiza kabla mwenye safari hajajua kuwa ana safari."

"Ndege za kwenda kule si nyingi. Nilijua atabishana, nikataka abishane gari likiwa linanguruma mlangoni."

"Alibishana?"

"Aliniita majina ambayo sikujua kwamba anayajua."

"Na nini kilimnyamazisha?"

Kijiko kilisimama. Stensrud hakumtazama Vernell. Alitazama meza ya pili, ambako mnadhimu wa chama chake, Seneta Bartow Quillen, alikuwa akipaka siagi mkate wa mahindi polepole mno kwa mtu mwenye njaa.

"Mama," Stensrud alisema kwa sauti ya ukumbini, "nilivyomwona yule jaji nimeshasema mbele ya watu wote. Sirudishi neno hata moja."

Quillen aliridhika. Mkate ukaingia mdomoni.

Vernell aliinama kana kwamba anaokota kitu. "Sikuulizi habari za jaji, Mheshimiwa. Nauliza mlipeana mikono kwa ajili gani."

Mzee alikunywa vijiko viwili vya supu kabla ya kujibu, na alipojibu alijibu swali jingine.

"Mwenyekiti wako ana hasira?"

"Ana karatasi mkononi. Anataka kukutaja kwa jina kabla ya kura."

"Akinitaja, kamera zitanigeukia. Zikinigeukia, kiongozi wangu atakuja palepale aniulize nina nia gani. Mimi kusema uongo sijui. Kwetu North Dakota hatukufundishwa. Atanipandishia watu kumi masikioni, na mimi ni mzee, mama. Sijui nitawahimili watu kumi kwa muda gani."

Akafuta mdomo.

"Mwambie akae. Mwambie awe na subira mpaka herufi S."

"Basi?"

"Hata hayo yamezidi. Nenda, supu yangu inapoa."

Kengele ya kura ilianza kulia.

* * *

Dunleavy alikuwa tayari ameshika kitasa cha mlango wa ukumbi.

"Una ushahidi?"

"Sina," Vernell alisema. "Nina gari lililoitwa mapema, watu wawili waliopeana mikono, na mwanamke aliyekataza watu wake wasipige simu. Nafikiri wana jozi."

"Jozi!" Dunleavy alilitamka neno hilo kama kitu alichokikuta kabatini kwa bibi yake. Desturi hiyo aliijua. Seneta mmoja hayupo. Mwingine, aliyepo na mwenye msimamo ulio kinyume na wake, anazuia kura yake mwenyewe ili kutokuwepo kwa mwenzake kusibadili matokeo. Hakuna kanuni inayomlazimisha mtu. Inashikiliwa na neno tu, na neno linaweza kuvunjwa na mtu yeyote mwenye nguvu ya kumbana aliyelitoa. "Hakuna aliyefanya hivyo humu tangu nilipokuwa na nywele nyeusi. Na Stensrud? Umemsikia akimsema Sandoval?"

"Nimemsikia. Anampinga kwa dhati. Ndiyo maana anafaa kwa jozi. Anayemuunga mkono hana kura ya kuzuia."

"Angekwambia basi."

"Mnadhimu wake alikuwa meza ya pili. Alichoniambia ni kwamba uwe na subira mpaka herufi S."

Ndani, karani alikuwa ameshaanza kuita majina kwa mpangilio wa alfabeti.

"Nikikaa kimya na wewe ukawa umekosea," Dunleavy alisema, "nimempoteza jaji na nimepoteza nafasi ya kusema kwa nini."

"Ukisimama na mimi nikawa nimepatia, utakuwa umempoteza kwa mdomo wako mwenyewe."

Dunleavy alimtazama kwa muda uliotosha jina moja kuitwa na kujibiwa.

"Tangu mama yangu afariki hakuna aliyesema nami hivyo," alisema. Akairudisha karatasi mfukoni, akaingia.

Vernell alirudi kwenye benchi lake. Karani aliita kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Wengi hawakujisumbua kutamka; walisogea mbele ya meza yake, wakainua dole gumba au wakaligeuza chini, wakarudi kupiga soga. Castleberry aliitwa. Kimya. Kule upande wa pili mtu alikohoa kwa furaha. Dunleavy aliinua dole lake akakaa, mikono juu ya meza, na hakuitoa mfukoni ile karatasi, ingawa mara mbili kiongozi wa chama chake alimjia na kumnong'oneza.

Majina yakaendelea. Quillen aligeuza dole chini, kisha badala ya kurudi kwake akazunguka kuhesabu watu wake. Alipofika kwa Stensrud alimpiga bega kidogo, kama mtu anayemgusa farasi wake. Stensrud hakuwa amesogea mbele kama wengine. Alibaki mezani pake, mikono imekunjwa.

"Bwana Stensrud," karani aliita.

Mzee alisimama. Ilimchukua muda. Akamgeukia Makamu wa Rais.

"Mheshimiwa Rais wa Seneti. Katika kura hii nina jozi na Seneta wa New Mexico, Bi. Castleberry. Angekuwepo, angesema ndiyo. Mimi ningekuwa huru kupiga kura, ningesema hapana. Kwa hiyo nazuia kura yangu."

Kisha upande wake wote ukaanza kusema kwa pamoja, na Makamu wa Rais akagonga meza kwa kile kinyundo kidogo kisicho na mpini.

"Utulivu! Mjadala hauruhusiwi wakati wa kura. Karani, endelea."

Karani akaendelea. Quillen hakusubiri. Alikuwa ameshafika mezani kwa Stensrud, na benchi la wafanyakazi halikuwa mbali.

"Halvard, umerukwa na akili? Unajua umefanya nini?"

"Keti, Bartow. Unawaziba watu."

"Umemtunuku huyu mwanamke kiti cha maisha! Mwenyewe umetoka kusema hafai!"

"Na hafai. Ungekuwa umenisikiliza badala ya kunihesabu, ungejua nilikuwa nasema kweli."

"Basi kwa nini?"

Stensrud alikaa. Aliponena, sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, ya mtu anayeeleza njia.

"Wakati Solveig anakufa, mswada wa mashamba ulikuwa humu. Mlitaka kura yangu. Kila saa mlinipigia Fargo, na wewe ulikuwa mmoja wao. Ione alikuwa akiupinga ule mswada kuliko mtu yeyote. Akasimama pale, pale kwenye kiti kile, akazuia kura yake ili mimi nisipande ndege. Mswada ukapita. Chama chake hakikumsamehe; uenyekiti wa Kamati ya Sheria ulikuwa wake kwa zamu, wakampa mwingine. Mimi nilikuwa nimemshika mke wangu mkono alipoondoka." Alitazama meza yake. "Nimemwambia asante mara nyingi. Ilikuwa haijawahi kunigharimu kitu."

Quillen akaondoka. Waliokaa karibu na Stensrud walipata ghafla shughuli kwingine.

Ng'ambo ya njia ya katikati, Marguerite Dunleavy hakuwa amegeuza uso. Vernell aliona kwamba amesikia. Yule mwingine aliyepewa uenyekiti alikuwa ni yeye.

Arobaini na tisa kwa arobaini na tisa. Makamu wa Rais alitangaza kuwa Seneti imegawanyika sawasawa, kwamba yeye anapiga kura ya ndiyo, na kwamba uteuzi wa Eufemia Sandoval umethibitishwa. Kinyundo kikagonga mara moja.

Dunleavy aliinuka, akavuka upande wa pili, jambo ambalo Vernell hakuwahi kumwona akilifanya, akaketi kwenye kiti kilichoachwa wazi kando ya Stensrud.

"Nilikuwa nimeandika maneno juu yako leo," alisema.

"Mazuri?"

"Hapana."

"Yahifadhi. Mwezi ujao nitampinga mwingine, utayahitaji." Kisha, bila kumtazama: "Royce anaendeleaje?"

Dunleavy aligeuka akamtafuta Vernell kwa macho. Vernell alikuwa ameshatoka na simu sikioni.

Muuguzi wa Albuquerque alimjibu, na alikuwa na habari njema: mgonjwa ametoka chumba cha upasuaji, ameamka, na mkewe amefika sasa hivi, hata koti hajavua. Vernell alirudi mlangoni, akasubiri Dunleavy amwone, akaitikia kwa kichwa. Dunleavy alimwinamia mzee sikioni. Stensrud alifunika uso kwa kiganja kimoja, akakaa hivyo.

Simu ya pili ilikwenda Las Cruces. Karani wa mahakama yake ya jimbo alisema Jaji Sandoval yuko katikati ya shauri na hapendi kukatizwa.

"Mkatize," Vernell alisema.

Alisikia mlango, nyayo, kisha sauti ya mwanamke iliyokuwa tayari kwa habari mbaya. "Naam. Niambie tu."

"Umethibitishwa, Mheshimiwa Jaji. Kwa kura ya Makamu wa Rais."

"Haiwezekani. Nimeambiwa Ione ameondoka."

"Ameondoka. Seneta Stensrud alizuia kura yake kwa ajili yake."

"Stensrud? Yule anayesema mimi natunga sheria?"

"Huyo. Na bado anasema hivyo."

Kwa mbali mtu alikuwa akiuliza kama mahakama iahirishwe.

"Na Royce?" jaji aliuliza.

"Ameamka. Seneta Castleberry yuko naye."

"Asante," jaji alisema. Vernell hakumuuliza ni asante ya lipi.